Diski Moja, Milango Mia Mbili na Kumi na Minne

Tu-dum, diski ikaingia. Awiti alizuia pumzi. Kwenye laptop kijisanduku cha manjano kikatokea, na ndani yake mafaili yamejipanga kwa namba, kutoka moja hadi mia mbili na kumi na nne. Akapeleka kidole kufungua la kwanza. Du-tum, ikatoka. Kijisanduku kikapotea.

"Imeingia?" Mama Nanyama aliuliza akiwa mlangoni, bado ana unga kwenye viganja.

"Imeingia ikatoka."

"Si uirudishe basi."

"Hii ni mara ya tisa, Mama Nanyama."

Mama Nanyama akaguna. Diski ilikuwa imelala kwake wiki hii, ndani ya mkebe wa unga, imefungwa kwa leso na mfuko wa nailoni juu yake. Alikuwa ameitoa asubuhi hiyo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa kuku kwenye mayai. Nje, jirani alikuwa anapiga pasi, mwingine amewasha koili, na balbu ya Awiti ilikuwa inafifia na kurudi. Stima ya Kibera, jamani! Inakuja vile inataka na kuondoka vile inataka, na wewe huna wa kumuuliza.

Ilikuwa Ijumaa, na saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kila kitu. Barabara mpya ilikuwa inapita kwao. Milango mia mbili na kumi na minne ilikuwa imepigwa alama nyekundu, na ofisi ya barabara ilikuwa imetoa masharti: kila mwenye nyumba aonekane kwenye video, amesimama mlangoni pake, kitambulisho mkononi. Atakayeonekana ataandikwa kwenye rejista, na aliyeandikwa atapewa chumba kwingine kabla ya tingatinga kuja. Asiyeandikwa, shauri yake.

Kazi ya kupiga hizo video ilimwangukia Awiti, maana ndiye aliyekuwa na kamera. Pale kituo cha Olympic alikuwa akipiga picha za pasipoti, za harusi, na zaidi ya yote za matanga. Alipita mlango kwa mlango siku nne. Wa kwake aliuacha mwisho kabisa, kwa sababu mpishi hajipakulii kwanza, akaegesha kamera juu ya debe na kusimama mwenyewe. Namba mia mbili na kumi na nne.

Na kwa nini diski iwe moja tu? Loo, muulize mtu wa Kibera aliyewahi kuhesabiwa. Mara ya mwisho orodha yao ilikopiwa, ikakopiwa tena, na iliporudi ilikuwa na majina ya watu ambao hata mbwa wa mtaa hakuwahi kuwabwekea. Wenyewe walikuwa wametolewa. Kwa hiyo safari hii mkutano ulikata shauri: hakuna kopi. Diski moja, wiki moja kwa kila nyumba, kwenye mkebe wa unga. Hata kadi za kamera zilifutwa mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Awiti alipiga makofi pia. Mungu anajua alipiga.

Sasa alichomoa diski, akaifunga kwa ile leso, akashika njia kwa miguu kwenda Kawangware.

Ndegwa, fundi wa kompyuta wa kituo cha Forty-six, alikuwa na kibanda kidogo chenye stima ya mita, stima ya halali isiyoyumba. Aliifungua leso, akaipindua diski, akachungulia tundu la waya kwa tochi ya simu. Halafu akacheka.

"Siz, hii ni nini? Unga?"

"Ni unga."

"Manze, nimeona maji, nimeona soda, nimeona hadi mende. Unga sijawahi." Akachukua mswaki wa zamani, akauchovya kwenye spiriti, akaanza kusugua. "Mlikuwa mnapika nini na hii kitu?"

"Tulikuwa tunaificha."

Ndegwa aliacha kucheka. Akabadilisha waya, akaweka mfupi na mnene. Akaiunganisha nyuma ya kompyuta yake, si mbele. "Huku nyuma ndio kuna nguvu," alisema. Akaingia kwenye mipangilio, akazima kile kitu kinachofanya kompyuta ikate stima kwa vifaa ili kubana matumizi. Tu-dum. Wakangoja. Dakika moja, tano, kumi. Awiti alikuwa ameshika meza. Uso wa namba moja ukatokea kwenye kioo, ukasema jina lake lote, ukainua kitambulisho.

"Sasa skiza," Ndegwa akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unga haikuwa shida yote. Hii port, hili tundu la waya, imelegea ndani. Imechomolewa na kuchomekwa sana, imebebwa sana. Saa hii imeshika juu ya Mungu tu. Kopi vitu zako sahi. Nikupee hata flash yangu, utarudisha."

"Siwezi kukopi."

"Huwezi aje?"

Awiti alitoka nje akampigia Mzee Jeconia, mwenyekiti wa kamati. Akamweleza yote polepole.

"Nyathina," Mzee alisema, yaani mwanangu kwa Kiluo, kama alivyowaita wote aliowaona wakikua, "tuliapa."

"Najua, jaduong', mzee wangu. Lakini fundi anasema inaweza kufa saa yoyote."

"Na kopi ikibaki kwa fundi? Wewe unamjua? Anatoka wapi?"

"Anatoka hapa hapa Kawangware."

"Umeona sasa. Si wa kwetu." Akakohoa. "Mwaka ule pia tuliambiwa ni kopi moja tu. Mke wangu alikufa akiwa hayuko kwa orodha, Awiti. Niite mkutano jioni, watu waamue."

"Jioni ofisi itakuwa imefungwa!"

"Basi ipeleke vile iko. Iko sawa sasa, si imesoma?"

Ilikuwa imesoma, ndiyo. Awiti alisimama pale na simu mkononi. Angeweza kurudi ndani na kusema ameruhusiwa, nani angejua? Lakini alikumbuka makofi, na alikumbuka ni yeye aliyewafutia kadi. Akaenda kuichukua diski. Ndegwa alimpa na ule waya mnene bure, huku akitikisa kichwa. "Nyuma ya kompyuta," alimkumbusha. "Na isisongeshwe."

Ofisi yenyewe ilikuwa imepangishwa huko huko Kawangware, ghorofa ya pili juu ya duka la saruji, kwa sababu anazozijua mwenye jengo. Watu wa Kibera wakitaka kuhesabiwa Kibera, watembee hadi Kawangware. Awiti alikaa foleni kuanzia saa sita, diski kifuani, haendi hata msalani. Saa nane na dakika kumi akaitwa.

Karani aliitwa Wamuyu, mwanamke mpole mwenye sweta ya kijani. Alimkaribisha kiti.

"Naomba tuweke nyuma," Awiti alisema.

"Nyuma haifikiki, mama. Waliifunga kwa hii sanduku ya chuma, ufunguo uko na wakubwa. Ni huku mbele tu."

"Basi uikopi yote mara moja."

"Tulikatazwa kukopi. Virusi. Mimi nafungua nikiona, naandika kwa rejista."

Kweli mwenye shida hana chaguo. Awiti akachomeka mbele, kisha akaushika waya pale unapoingia kwenye diski, kwa vidole viwili, ukiinuka kidogo upande wa kushoto, hapo hapo uliposhika. Tu-dum. Wamuyu akafungua namba moja, akaona uso, akaona kitambulisho, akaandika. Namba mbili. Namba tatu, Mzee Jeconia na kofia yake ya kanisa. Walikwenda hivyo. Arobaini. Sitini. Mkono wa Awiti ulikufa ganzi hadi begani, na jasho likamwingia machoni, hakulipangusa. Alikuwa anaomba bila maneno. Themanini na tano. Themanini na sita. Themanini na saba, fundi viatu wa kwenye kona, anacheka kwa sababu kitambulisho kilikuwa juu chini.

Du-tum.

"Imetoka," Wamuyu alisema.

Awiti alichomoa akachomeka. Alipuliza. Aligeuza waya kulia, kushoto, juu. Kompyuta ilizimwa ikawashwa. Ndani ya diski kukaanza mlio, kwaru, kwaru, kama kucha juu ya bati. Akampigia Ndegwa.

"Toa!" Ndegwa alipiga kelele. "Toa, usijaribu tena. Niletee, nitaifungua, lakini si kazi ya leo. Na sikuahidi kitu, siz."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Wamuyu akamsukumia fomu. Awiti akaisoma: Nathibitisha kwamba orodha hii ya watu 87 ni kamili.

"Si kamili," alisema. "Umeziona namba kwa hiyo diski. Mia mbili na kumi na nne. Umeona kwa macho yako."

"Nimeona." Wamuyu hakumwangalia. "Lakini nilichoona si nilichoandika. Usiposaini, hata hawa themanini na saba hawaingii."

Awiti alisaini. Kando ya sahihi akaandika kwa herufi kubwa: NA WENGINE 127 WAKO. Wamuyu aliisoma, akaichana taratibu, akatoa fomu mpya. "Ikiwa na maandishi ya ziada inarudishwa, mama. Nisaidie nikusaidie." Awiti akasaini tena, jina tu.

Walikuwa wanamngoja nje kwa Mama Nanyama, wamejaa kwenye kichochoro, Mzee Jeconia mbele.

"Imesoma?" Mzee aliuliza.

"Imesoma mpaka themanini na saba."

Kila mmoja aliijua namba yake. Watu waligeuka mmoja mmoja kutazama milango, na Mzee Jeconia, namba tatu, alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Heri ningekubali ukopi," alisema. "Nyathina, ningekubali."

Awiti aliibana diski kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hajijui.

Mama Nanyama, namba mia na kumi na mbili, aliichukua diski mkononi mwake. Akaifuta kwa upindo wa kanga. Akaifunga kwenye leso, akatia mfuko wa nailoni juu, akaingia ndani. Wakasikia mfuniko wa mkebe ukifunguka.

"Mama Nanyama, imekufa," Awiti alisema. "Haina haja tena."

"Wiki yangu inaisha Jumapili," Mama Nanyama akajibu kutoka ndani, na wakasikia anaurudishia unga juu yake.