Mistari Isiyosomwa na Mashine

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Bibi Barua hakuwepo, mwaka wa pili sasa yuko chini ya udongo, na lake lilikuwepo tele. Lilijaa ndani ya faili la mipangilio ya seva ya barua pepe, mstari baada ya mstari, na Fundi alikuwa ameamriwa alifute kabla ya Ijumaa.

Fundi ndilo jina walilompa ofisini, ingawa nyumbani kwao alikuwa na zuri zaidi. Alifika na diploma mkononi na ulimi uliochongwa. Bibi Barua akampokea katika chumba cha mwisho wa ukumbi, penye seva inayonguruma kama paka aliyeshiba, akamfundisha kazi kwa sheria moja. Mstari ukianza na alama ya reli, hii #, mashine huuruka, haiusomi. Hapo ni mahali pa watu. Kwa hiyo Bibi Barua hakufuta kitu maisha yake yote. Kila alipobadilisha agizo, alilitia reli lile la zamani likalala, kisha chini yake akaandika tarehe, sababu, na lolote lililomjia siku hiyo.

"Usifute, mwanangu. Laza," alikuwa akisema. "Anayekuja nyuma atataka kujua tulipita wapi."

Basi faili likawa nusu maagizo, nusu umbea. Siku paa lilipovuja wakaifunika seva kwa koti la mvua la mlinzi, imo. Siku barua ya mapenzi ya mtu wa ugavi ilipotua kwa idara nzima, nayo imo, bila jina, ila ofisi nzima ilimjua. Na yote kwa maandishi matupu, bila rangi wala mapambo, kwa sababu Bibi Barua aliamini mapambo huzeeka na maandishi matupu hayazeeki.

Mkuu wa idara hakuupenda mtindo huo. Alitaka mwongozo mpya wenye nembo juu, vichwa vya buluu na namba za kurasa, na faili lenyewe lisafishwe libaki na maagizo tu. Nyaraka za ofisi, alisema, si kijiwe cha soga. Fundi akatii. Programu ndogo ikapita, ikang'oa kila mstari wenye reli, na kurasa arobaini zikawa tatu, safi kama mfupa uliolambwa. Faili la zamani likabaki kwenye diski moja kuukuu, nayo ndiyo ya kufutwa.

Jumatano aliketi kwenye kiti cha Bibi Barua chenye sponji iliyochomoza, akaifungua diski ili aage tu. Akasoma hadi siku aliyofika yeye.

"Leo nimeletewa binti wa diploma. Maswali yake ni mengi kuliko barua za foleni. Nimemsahihisha mara tatu, amenisahihisha mara nne. Sasa naweza kuzeeka."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kikashuka, kikakaa mapajani. Alikumbuka kicheko cha puani, kikombe kisicho na mkono kilichojaa kalamu zilizokauka, na jinsi mama yule alivyoigonga seva kwa kifundo cha kidole kila asubuhi kama anayebisha hodi. Diski ikaingia mkobani, ikaenda nyumbani.

Alhamisi mkuu alipitia lile faili safi, akakuta agizo limesimama peke yake: barua moja isiende kwa watu zaidi ya hamsini. Kwa nini, hapakuandikwa. Akaona ni ushamba, akataka liondolewe. Fundi akamwambia kwamba sababu haijui, ila Bibi Barua hakuwa mtu wa kuweka kitu bure. Mkuu akajibu kuwa marehemu hawapigi kura.

Likaondolewa. Saa nne asubuhi mkuu akatangaza mwongozo wake mpya kwa wafanyakazi wote elfu moja na mia mbili. Wakajibu, asante mkuu, nimepokea mkuu, na kila jibu likawaendea wote. Wenye hasira wakawaomba wenzao waache kujibu, nao wakawaomba wote. Kufikia saa sita foleni ilikuwa na barua laki tano, na seva ikanyamaza kimya.

Fundi alikwenda nyumbani mbio, akarudi na diski, akalirudisha faili la zamani. Saa tisa barua zilianza kutembea. Hapo ndipo aliposoma kilichokuwa kimeandikwa chini ya lile agizo la hamsini, akakichapa kwenye karatasi.

Ijumaa mkuu alimwita. Akamuuliza diski imefuata nini nyumbani kwake, na kwa ruhusa ya nani. Fundi akaweka karatasi mezani.

"Kijana wa masjala amewatumia watu wote habari za kupandishwa cheo, na watu wote wamemjibu. Siku mbili hatuna barua. Amekuja mwenyewe kuniomba radhi, analia, mkate mkononi. Nimemsamehe. Mwisho hamsini. Usiondoe."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Mkate ule aliukata, akanipa nusu," akasema polepole. "Akaniambia nile kwanza, ndipo nilie."

Kila mmoja akabaki na Bibi Barua wake. Kisha miwani ikarudi puani na cheo kikarudi kitini. Diski ibaki, alisema, na mistari yote ibaki. Lakini amri ilivunjwa, na utaratibu ni utaratibu. Binti aandike mistari miwili ya kuomba radhi, yaishe.

"Nitaandika, mkuu," Fundi akasema. "Nitaandika kilichotokea, tarehe na sababu, chini ya ule mstari wako wa mkate. Radhi siombi."