Mwenyeji wa Doonside

Melchior Habonimana alikuwa Mrundi wa kwanza kupanga nyumba Doonside, kitongoji cha Sydney, Australia, na kwa miaka kumi na sita hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. "Mimi ndiye mwenyeji hapa," alimwambia kila aliyefika na masanduku. Korona ilipoleta marufuku ya kutembeleana, mwenyeji alijinunulia reflekta ya rangi ya machungwa, akaanza doria. Wanawake wakambatiza Sherifu, kama polisi wa sinema za kauboi. Alilalamikia jina hilo hadharani, kisha akaliweka kwenye WhatsApp yake.

Agosti 2021 aliwakuta wanawake wanne wamesimama kwenye majani mbele ya nyumba ya Nella, aliyekuwa amejifungua juzi. Walileta uji, na uji wa mzazi, kwa desturi ya kwao, hauachwi mlangoni kama kifurushi cha posta.

"Tawanyikeni!"

"Sherifu, farasi yako umeifunga wapi?" aliuliza Spéciose, mkubwa wao.

"Iko karantini," mwenzake akajibu, wakacheka hadi barakoa zikawashuka puani.

Melchior akawapigia polisi. Alitaka jambo moja tu: askari wa serikali amtambue, mbele ya wanawake hawa, kuwa ndiye mkubwa wa mahali hapa.

Askari alikuja, kijana mpole mwenye haraka, akauliza nani anahusika na mkusanyiko huu. Melchior akasogea mbele. Kiingereza chake alikijenga juu ya Kiswahili cha kambini Tanzania, neno kwa neno, na katika kamusi yake mwenyeji ni *host*.

"*I am the host*," alisema. "*All these people, I am the host.*"

Kwa askari, *host* ni mtu aliyealika wageni, na kualika wageni mwezi ule kulikuwa na faini nzito. Akatoa kalamu.

"Mzee Melchior," Spéciose alinong'ona, kicheko kimemwisha, "mwambie wewe ni jirani tu. Atakuacha, *bon*, twende zetu."

Askari mwenyewe alirudia swali polepole, kama anayemfungulia mtu mlango: ni *host* kweli, au jirani anayepita?

Jirani. Miaka yote hiyo, halafu jirani. Nella alikuwa dirishani na mtoto wake, anatazama.

"*Host*," alisema Melchior.

Wanawake waliamriwa warudi makwao. Melchior aliipokea karatasi ya faini kwa mikono miwili, akamwomba askari asome kwa sauti pale palipoandikwa cheo chake.