Matanga Bila Maiti

Mwaka ule vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, wanajeshi wanarudi kwa makundi, na Kariakoo nzima haina sabuni, haina sukari, haina kiberiti. Kilichokuwapo tele ni foleni. Mimi nilikuwa nakaanga mihogo barazani, Mtaa wa Narung'ombe, na Scholastika amepanga chumba kinachotazamana na changu. Ukumbi mmoja, choo kimoja. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki. Mimi mwanamke wa Kizaramo wa hapa hapa, Mwislamu. Kwa hiyo ni watani, na utani kama mjuavyo ni leseni: mimi namwita mtumwa wangu, yeye ananiita mvivu wa pwani, na hakuna wa kununa.

Mumewe, Onesphory, alikwenda vitani akiendesha lori la jeshi, hakurudi. Mwenzake mmoja, Vitalis, alikuja kutueleza kwamba lori lilipigwa likawaka moto, na tangu hapo hakumwona tena. Maiti haikupatikana. Scholastika alipokwenda kuulizia, akajibiwa kwamba hajulikani alipo. Katikati ya hayo kitoto chake kikashikwa na surua, tukakizika. Baba yake hakuwahi kukiona hata kucha.

Mtu mwingine angemnunia Mungu japo wiki moja. Scholastika, wapi. Alikuwa anakwenda misa ya alfajiri kama mtu aliyeajiriwa huko, na ombi lake ni hilo hilo: Mungu amwambie mumewe yuko wapi. Nyumba nzima ilichoka. Mrisho, fundi cherehani wa chumba cha mbele, alimweleza kwa upole kwamba Mungu akitaka kujibu hachelewi namna ile. Mimi nikamwambia labda Mungu naye yuko kwenye foleni, kaweka jiwe lake kushika nafasi akaenda zake kutembea. Alicheka sana. Kesho yake nikamsikia anafungua mlango, anakwenda misa.

Imani yake ilikuwa inaniwasha kama upupu. Nageuza mihogo kabla haijaiva, nainuka, nakaa, nafagia palipofagiwa. Nilikuwa na hakika Onesphory amekufa, na nilitaka huyu mwanamke alie, nasi tupumzike.

Ndipo akaja shemeji yake, Augustino, kwa treni kutoka Tabora. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpinga. Alitueleza kwamba tangu habari za lori zifike kule, mama yao analala chini, hataki kitanda, hataki kula na watu, mpaka mwanawe awekewe matanga na yavunjwe kwa heshima. Amebaki mifupa. Kwa hiyo jamaa zao wa Dar wangekutana Jumamosi uani kwetu, Scholastika anyolewe nywele kama wajane wa kwao wanavyonyolewa, matanga yaishe, mama apelekewe habari. Tulikubali sote. Mimi nilikubali wa kwanza.

Scholastika alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, mkininyoa mtakuwa mmenitolea jibu ambalo Mungu hajanipa."

"Na mama akifa kwa huzuni," Augustino akamuuliza, "hilo litakuwa jibu la nani?"

Nilimwona Scholastika anaingia chumbani, na siku zilizofuata akawa anapika bila kuonja. Nikajua Jumamosi atainama anyolewe.

Jumamosi ikafika. Mikeka ikatandikwa uani, wanawake wakalia kilio cha desturi, chungu cha ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, kikabandikwa, maana mchele tulikuwa tunausikia redioni tu. Sasa, kwenye matanga mtani ana kazi yake. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, watu wacheke, huzuni ifunguke. Kazi hiyo ni yangu. Augustino mwenyewe aliniletea koti la mdogo wake.

Nikalivaa. Onesphory alikuwa na bega moja juu moja chini, na kila chai kwake ilikuwa imepoa. Nikapita uani bega juu, nagusa kila kikombe, nanuna. Watu walicheka mpaka wakashikana. Augustino alicheka huku machozi yanamtoka. Scholastika peke yake alikuwa amekaa mkekani kichwa wazi, anatazama bakuli la maji lililowekwa mbele yake.

Nilipofika kwake kitu kikanishika, malaika au shetani, mpaka leo sijui. Nikainama nikasema kwa sauti ile ile ya mumewe, "Mke wangu, hawa wananizika na mimi niko njiani."

Kila mwenye kikombe akakiweka chini. Mimi nikaona nimemwokoa.

Scholastika akasimama, akanishika ukosi wa koti, akaanza kunifungua vifungo kama anavyofunguliwa mtoto.

"Mtani, vua," akasema. "Sikumwomba Mungu aniletee mwongo."

Nikavua. Nimezoea kuaibisha watu, kuaibishwa sijazoea.

Akamgeukia shemeji yake. "Mimi sijasema yu hai. Sijui. Aliyemwumba ndiye anayejua alipomweka, nami nitamngoja aniambie. Mama namhurumia. Kesho napanda treni na wewe, nikalale naye chini, mkeka mmoja, mpaka ale. Lakini kichwa changu niachieni."

Augustino aligeuzageuza wembe mkononi. Nafikiri angemwachia. Lakini mashangazi walianza kunung'unika kwamba mila haibishani na mtoto wa watu, na kwamba mama atauliza amenyolewa au hakunyolewa, atajibiwa nini. Augustino akachovya kitambaa majini amloweshe kichwa.

Nikakaa katikati yake na Scholastika, juu ya mkeka, miguu nimeinyoosha. Nikawakumbusha kwamba mtani amefanya kazi na hajalipwa, na matanga hayavunjwi mtani akidai. Wakakubali, ndiyo mila, na mila walikuwa wameitaja wenyewe. Augustino akaniahidi jogoo, nikakataa. Shangazi mmoja akafungua khanga yake mpya, nayo adimu wakati ule, nikaitamani, nikakataa.

"Nataka huo wembe," nikasema.

Augustino alinitazama, kisha akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. Alijua. Wembe ule alikuja nao kutoka Tabora, maana Dar yote nyembe zilikuwa zimeadimika, wanaume wanatembea na ndevu kama mabeberu. Akaniwekea kiganjani. Jamaa wawili wakatumwa kutafuta mwingine, wakazunguka Kariakoo, wakaenda mpaka Ilala, wakarudi na jasho. Watu wakala ugali wao wakaondoka, na mashangazi wakapita mbele yangu bila kuniaga. Mrisho alininyemelea jioni kuuazima wembe. Nilimwambia kwanza akaombe misa.

Asubuhi Scholastika aliporudi kanisani alikuja barazani na kitana, akakaa chini katikati ya magoti yangu. Treni ilikuwa ya jioni. Akataka nimsuke mistari ya kwenda kisogoni, asuke kama mke wa mtu, kwa kuwa mjane hasuki. Augustino alikuwa amekaa kwenye mzigo wake pale pale, anatuona.

Nikaanza. Mihogo inaungua nyuma yangu, mikokoteni inapita, watu wanapigana makumbo, na mimi mkono hautulii. Nasuka, nafumua. Mwishowe nikamwuliza pole pole, "Na Mungu asipokuambia kabisa, mwanangu?"

"Basi nitakuwa nimemngoja."

Nikafumua tena msuko niliokuwa nimeumaliza, haukunyooka.

"Mtani," akasema bila kugeuka, "unatetemeka nini? Anayengoja ni mimi."