Udongo wa Kaburi la Hashimu

Abbasi alifika Kariakoo asubuhi, bado anayumba kidogo kama mtu ambaye ardhi haijamtulia. Candida, muuza dagaa, ndiye aliyemwona kwanza.

"Baharia wa Wazungu huyo! Umetuletea nini leo, au picha za popo tu?"

Kisha akakumbuka, akafumba mdomo.

Swaumu alikuwa nyuma ya mafungu yake ya iliki na mdalasini. Mwanawe Hashimu na huyu Abbasi, mtoto wa mdogo wake, walifanya kazi kwenye meli moja ndogo inayowazungusha watalii visiwa vya Komoro, kutazama kasa, popo wakubwa na mlima wa moto. Hashimu aliendesha boti la mpira la kuwashusha wageni. Wimbi likampigiza kwenye miamba, akazikwa siku ileile, hukohuko. Meli ikaendelea na safari yake mpaka mwisho. Kwa simu, Swaumu aliomba kitu kimoja tu: konzi ya udongo wa kaburi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Abbasi akatoa kitambaa kilichofundikwa. Swaumu akafundua. Udongo ulikuwa mwekundu, umechanganyika na kokoto.

Akautazama, asiuguse. Hashimu alikuwa akimpigia simu huku anacheka: mama, huku ardhi nyeusi tii, utadhani mtu kamwaga mkaa kisiwa kizima, viatu vinalika soli.

"Abbasi, huu umeutoa wapi?"

"Huko, mama mkubwa."

"Huko wapi?"

Kijana akatazama chini. "Mchafukoge, hapa jirani. Pale wanapochimba mtaro."

Akaeleza haraka haraka. Kwenye meli ile hakuna kutoka na kitu kisiwani. Kabla ya kupanda, kila kiatu kinapigwa brashi na kuloweshwa dawa, mifuko inakung'utwa, mbegu na wadudu wasije wakahamia kisiwa kingine. Mkuu wa msafara aliiona konzi yake, akaamuru irudishwe ufukweni.

"Nikaona nisije mikono mitupu. Nisamehe, mama mkubwa."

Kusamehe hakukuwa kazi. Kilichomsumbua Swaumu ni kingine. Labda bahari ilimchukua mtoto, wenzake wakakubaliana melini: mama aambiwe amezikwa, apate kulala.

"Mwanangu alipatikana?"

"Wallahi alipatikana!"

"Na huu ulisema wa huko."

Abbasi akakaa juu ya gunia.

"Nani waliingia kaburini?"

"Mimi na mzee mmoja wa kile kijiji."

"Mlimlaza vipi?"

"Ubavu wa kulia. Vifundo vya sanda nilivifungua mwenyewe. Kibla pale imeelekea baharini, mlima uko mgongoni kwake."

Alijibu bila kusita, macho yamejaa machozi. Swaumu alitaka kuamini, alitaka mno. Lakini kijana aliyeweza kumtazama usoni akimpa udongo wa mtaroni, angeshindwa nini kuyapanga maneno haya njia nzima, amelala kwenye kitanda chake melini?

Mteja akauliza bei ya iliki. Candida akamwita upande wake, akamjibu kwa sauti ya chini.

"Sema tena," Swaumu alisema. "Anzia mlipomtoa majini."

Abbasi akafuta uso kwa kiganja, akaanza upya. Swaumu akasogea karibu, akamkazia macho mdomoni, akisikiliza neno litakalokuja tofauti.