Mishono Mitatu Kiunoni

...na theluthi ni theluthi, haina ubishi, watu watatu chini ya paa moja, bili tatu kwa mwezi, umeme, maji na gesi, jumlisha, gawanya kwa tatu, na baki ikitokea nitaibeba mimi mwenye nyumba, kwa hiari, hilo nalo nimeliandika katika kifungu cha nne, kwa wino, kwa kuwa penseli hufutika, na karatasi yenyewe iko hapa mezani, nimeikunja mara moja na kuiweka chini ya kopo la sukari, tukishaketi kunywa chai nitaikunjua na kuisoma kwa sauti ya kawaida, pasipo ukali, Shemeji, nitasema, umekaa nasi miezi kumi na tisa na hatujawahi kuzungumza kama watu wazima, naye atatabasamu lile tabasamu lake la fundi cherehani, midomo imebana pini hata pale ambapo hakuna pini, atasema bwana shemeji, mwisho wa mwezi nitaleta kitu, na hapo ndipo nitakapomsomea kifungu cha tano, kwamba asiyeweza kutoa theluthi yake atafute mahali pengine kabla ya tarehe mosi... kifungu cha tano nilikirudia mara tatu hadi kikakaa sawa.

“Maji bado!” mke wangu anapaza sauti, “moto wa gesi umekuwa mdogo, subiri kidogo, mzee,” nami nasubiri, lakini sauti haitoki jikoni, inatoka chumba cha nyuma, aliyebandika chai amekwenda kwa kaka yake, sufuria limeachwa peke yake jikoni na mimi nimeachwa peke yangu hapa, dakika nne sasa kwa saa ya ukutani, na cherehani inakwenda, trrr, inanyamaza, trrr, kisha kicheko, chake yeye, kile cha kifuani ambacho zamani alikuwa akinipa mimi... nilivihesabu wiki iliyopita, naona haya kukiri lakini nilivihesabu, Jumatatu vicheko kumi na kimoja katika chumba cha nyuma na viwili hapa mezani, na kati ya hivyo viwili kimoja kilisababishwa na redio, Jumanne tisa kwa sifuri, Jumatano nikaacha kuhesabu kwa sababu mtu mzima ana mipaka yake, na sasa namsikia kaka mtu akimwita Kijino, jina la utotoni, miaka thelathini na sita ya ndoa na jina hilo sijawahi kupewa, nililijaribu siku moja tu baada ya kustaafu, nikasema Kijino, nipe chumvi, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, chumvi akanipa, na nikipita mlango ule wa nyuma wananyamaza wote wawili, cherehani nayo inanyamaza, halafu naulizwa, mzee, unatafuta kitu? katika nyumba niliyoijenga mimi, naulizwa kama natafuta kitu.

Basi nimeiandika karatasi. Sikuandika vicheko, bila shaka, niliandika pasi ya umeme, ambayo hula umeme kuliko taa zote za nyumba hii zikijumlishwa, nilikaa mbele ya mita asubuhi moja nzima nikithibitisha, nikaandika taa ya cherehani, nikaandika gesi, kwa maana mtu huyu hunywa chai mara nne kwa siku, na yote hayo ni kweli, hakuna tarakimu niliyoiongeza, miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, shahada yangu ni ya hisabati, niliingia madukani na mawe yangu ya uzito kwenye sanduku la mbao nikawapima wapimaji, nikamkuta muuza nyama amebandika sumaku chini ya sahani, nikamkuta muuza vitambaa ameikata futi yake sentimita tatu mwanzoni na kuishona upya kwa ustadi hata ukadhani imezaliwa hivyo, wakaniita Jiwe, jiwe la mizani, na nililipenda jina hilo, halipendelei wala halionei, mimi si mtu wa kudanganywa kwa kipimo...

“Mwambie wewe,” anasema shemeji yangu kule nyuma, na mke wangu, “nitaanzaje?” naye, “wewe ndiye mkewe, mimi nashona tu, Kijino, kusema si kazi yangu,” na cherehani inakwenda kidogo, kisha, “lakini hii ya kijivu nimefika mwisho, nakwambia, nikipunguza tena mshono wa nyuma mifuko itasalimiana,” na kicheko, halafu kicheko kikakatika katikati, jambo ambalo si kawaida yake... mifuko itasalimiana, mzaha wa mafundi, mteja fulani amekonda, watu wanakonda, maisha... ya kijivu. Suruali yangu ya kijivu. Asubuhi nilipotazama kamba ya nguo nilihesabu vipande saba badala ya vinane, nikasema moyoni upepo, na mfuko wa nyuma wa suruali, ninamoweka miwani, ambao siku hizi nikiutafuta kwa mkono wa kulia naukuta karibu na uti wa mgongo, nikadhani ni mkono ndio umezeeka.

Pole pole. Hatua kwa hatua. Baada ya upasuaji, mwaka jana, daktari alisema, mzee, uvimbe tumeuondoa wote, kilo nyingine zitapungua kisha mwili utatulia wenyewe, usiwe na wasiwasi, nami nikawa na wasiwasi kwa utaratibu, nikapanda mizani ya bafuni asubuhi, mchana na jioni, nikachora grafu, pointi zikashuka, nikauchukua mstari na kuurefusha kwa rula hadi ulipogusa chini kabisa na nikaandika tarehe pembeni, kwa wino, ndiyo, kwa wino, nikaanza kukosa hamu ya kula, ya nini kula na hesabu imekwisha kufungwa, mke wangu aliikuta grafu chini ya kitambaa cha meza, na wiki ile ile mizani ilizimika, betri zimekwisha, alisema, nitanunua kesho, na kesho hiyo ina miezi mingapi... na mimi, kwa kukosa mizani, nikasema suruali itakuwa kipimo changu, suruali haina betri, kiuno kikilegea nitajua, na kiuno hakikulegea, kila asubuhi nilifunga kifungo kile kile na kujiambia, Jiwe, uko pale pale, mstari umekosea, nikarudi mezani, nikaomba kuongezewa.

Naingiza kidole nyuma, ndani ya kiuno cha suruali hii ya kahawia niliyoivaa, naona vibaya kama mwizi, natafuta mshono, hapa, uzi, na pembeni yake, upana wa sentimita moja, uzi mwingine, na pembeni yake tena wa tatu, mishono mitatu iliyolala sambamba kama mistari ya daftari, hakuna hata mmoja uliopinda, sentimita moja kwa mshono, mara mbili kwa kuwa kitambaa kina pande mbili, mara tatu, sentimita sita, sita! na mimi sikuzijua, mkaguzi, nimevaa kipimo cha uongo mwilini mwangu na kukipitisha kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, muuza vitambaa yule nilimtoza faini, huyu nitamtoza nini, amenipunja kwa kunionyesha nimezidi, jozi tano za suruali, mishono mitatu kila jozi, bei yake kwa majirani naijua, kumi na tano mara... hapana. Acha.

Wivu wangu haukupungua, hilo ndilo la ajabu, umehama tu, nilidhani mke wangu amempa kaka yake kicheko changu, kumbe amempa na hofu pia, alikwenda kwake na grafu ile mkononi, nauona uso wake, akasema kaka, amejiandikia tarehe, na pengine alilia pale, juu ya vipande vya vitambaa, na huyo ndiye aliyemwona akilia, si mimi, mimi nilikuwa hapa mezani nikipiga rula, nani angemlilia mtu anayepiga rula? na kila waliponyamaza nilipopita, ilikuwa suruali yangu iko chini ya sindano... anakijua kiuno changu kuliko ninavyokijua mimi, fundi huyu, ameishika siri ya kilo zangu midomoni kama pini, miezi yote, nami nikamwandikia pasi ya umeme.

Na tarehe. Tarehe ile, ilikuwa ngapi, ilikuwa mwezi uliopita, kabla ya mvua, Alhamisi... imepita. Imepita wiki sita sasa, sikuiona ikipita, siku hiyo nadhani nilikuwa nagombana na mtu wa mita ya maji.

Theluthi inabaki. Mtu mzima achangie anapoishi, hilo nitalisema leo na nitalisema kwa sauti ya kawaida, kwa maana yeye si mgonjwa wala mtoto, ila kifungu cha tano... nimekiandika kwa wino, hakifutiki, itabidi nikikate kwa mstari mbele yao, na watauliza kilikuwa kinasema nini, nami nitakuwa sina uongo wa kuwapa, uongo wote mzuri wa nyumba hii ameshautumia yeye.

Trrr, inanyamaza. Atakuwa anaishona ya kijivu, basi, mshono wa nne, ilhali mifuko imeshakaribia kusalimiana, au labda wameketi tu, wanatafuta jinsi ya kuanza kuniambia.

“Maji bado!” anapaza sauti, “umesikia, mzee?”

“Nimesikia,” nasema, kidole bado kiko kwenye mshono wa tatu, “nimesikia yote, njooni tu.”