Magome ya Mzambarau wa Gerezani

Siku nne zile Scholastika alikuwa hakai hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama yake, ambaye yeye ndiye aliyemleta kutoka Masasi, alikuwa amelazwa na tumbo la kuhara chumbani kwao Kariakoo, na mwaka ule, sabuni yenyewe kwa foleni, dawa utaipata wapi? Basi mama mwenyewe akamwelekeza: kachukue gome la mzambarau, upana wa kiganja tu, upande linakochomoza jua, kisha jeraha ulikandike udongo. Kwao husema mti ukipona, na mgonjwa hupona. Mti ukifa, basi tena.

Mzambarau ulikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana. Scholastika alifanya kama alivyoagizwa, halafu ndipo akaharibu: badala ya kumkalia mama, kutwa akawa kiguu na njia kwenda kuutazama mti. Udongo umebanduka? Majani yamenyauka? Anarudi, anamnywesha mama dawa, hajamfuta hata mdomo, keshachomoka. Mtu mzima na akili zake!

Siku ya tano alfajiri akaukuta mti umechunwa kiunoni, mzunguko mzima, jambo linaloua mti. Akapiga yowe.

"Si mumeo huyo," alisema Kitwana, mlinzi wa karakana. "Katoka sasa hivi na kikapu."

Alikimbia. Nyumbani, Vitalis mumewe alikuwa anapuliza jiko, sufuria ya maji juu, kikapu cha magome pembeni.

"Kile kidogo hakimsaidii," alisema. "Nimeleta ya kutosha, apone upesi."

"Umemuua mama."

Hakungoja jibu. Alinyakua kikapu na kanga yake moja, akarudi Gerezani mbio. Magome yalikuwa bado mabichi. Aliyarudisha kipande kwa kipande, akairarua kanga, akafunga, akakandika udongo mpaka viwiko vikapotea. Wafanyakazi walioingia zamu walimcheka, eti anaufunga mti mkaja kama mzazi aliyetoka kujifungua. Acha wacheke, hawakuwa na mgonjwa wao.

Alikuwa anakaza fundo la mwisho Vitalis alipofika, anahema.

"Mama anakuita."

"Mwambie mti nimeufunga. Utashika."

"Nimemwambia. Hataki habari za mti. Anasema siku nne ameona mgongo wako, leo anataka uso."

Scholastika alirudi na matope yake mikononi, akakaa kitandani. Mama aliishika ile mikono, akaiweka kifuani. Miguu ilikuwa inamwasha kutoka, Scholastika, lakini aliikunja akaikalia. Walizungumza kidogo, habari za Masasi, habari za mihogo. Saa nne asubuhi mkono wa mama ulilegea, roho ikatoka.

Mzambarau ulishika. Mvua zilipokuja ukachipua majani mapya, na watu wa Gerezani wakawa wanausimulia. Scholastika hakwenda kuutazama.