Makofi Mawili

Darasa la kwanza walikuwa wakipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. "Ka-la-mu," walisema, makofi matatu. "Ku-ku," makofi mawili, na kuku wa mwalimu mkuu aliyekuwa akipekua takataka chini ya dirisha akagawanyika katikati. Ku wa mbele aliendelea kudonoa. Ku wa nyuma alitaga jioni ile ile, kama kawaida yake. Mwalimu Gharibu, aliyeletwa kutoka Pangani na asiyejua hata neno moja la Kiha, aliwaambia watoto wamepata, kisha akahamia kwenye maneno mengine.

Ulikuwa mwaka sabini na nne, mwaka wa kuhamishia watu vijijini, na kilimani karibu na Busunzu hakuna aliyetaka kuhama. Esteri alikataa kuliko wote. Nyumba yake ya kwanza aliiacha Burundi ikiwaka moto. Hii ya pili aliikandika mwenyewe, mjukuu wake Niyonsaba akimkanyagia udongo.

"Siwezi kujenga ya tatu," alimwambia bwana wa operesheni alipokuja na lori. "Mikono imekwisha."

Bwana wa operesheni hakubishana naye. Alikuwa amesikia habari za kuku. Asubuhi iliyofuata aliingia darasani, akataka watoto wagawe neno nyumba.

Wakapiga. Nyu-mba. Nyumba ya Mwalimu Gharibu, yenye bati la serikali, ikaachana pale penye kitanda, na ya Hilali mwenye duka ikafuata. Kilimani hakikutikisika hata kijiti, maana kule hakuna aliyewahi kuita kwake nyumba.

"Wao wanaitaje?" akauliza bwana wa operesheni.

Mwalimu hakujua. Akawauliza watoto, nao wakatazama madawati. Neno walilijua wote. Aliyelisema darasani alivishwa gogo shingoni, kwa kuwa mwalimu alipiga marufuku lugha za nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi, alipenda kusema.

"Mwalimu, ulitukataza," alisema Melkiadi, kwa adabu.

Akachapwa, na safu yake yote ikachapwa. Hakuna aliyesema. Wazazi, waliosikia nao habari za kuku, walikwisha kuwaonya, na Esteri alimshika Niyonsaba mashavu asubuhi ile akamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, leo huna mdomo."

Lakini Niyonsaba alikuwa na miaka saba, na tangu aanze shule hakuwahi kujua jibu la swali lolote. Mwalimu aliweka fimbo mezani, akasema kwa upole kwamba atakayejibu atapigiwa makofi na darasa zima. Mkono ukanyooka.

"Inzu."

"Gawa."

"I-nzu."

"Umepata," alisema Mwalimu Gharibu.

Kilima kizima kikaachana, inzu kwa inzu. Upande wa i ulikuwa mwembamba, mlango na kitanda tu; nzu ilichukua jiko, mtungi na karibu paa lote. Wapo waliomlaumu mtoto. Waone haya. Mtoto hujibu alichoulizwa; aibu ni ya aliyeuliza, na huyo bwana wa operesheni alipandishwa cheo akahamia Kasulu.

Lori likabeba akina i, wakapangwa upande mmoja wa barabara katika kijiji kipya, kwa mstari ulionyooka. Akina nzu wakapangwa upande wa pili. Wakubwa walipopita waliusifu mstari. Watu walilala huku wakapika kule, na mvua iliponyesha walivuka na majani ya migomba kichwani. Nyumbani walilitamka neno zima kila siku, bila faida. Ilitakiwa lisemwe darasani, na mwalimu aseme umepata. Esteri hakumgombeza mjukuu wake. Alimwambia tu kwamba shule iliyofundisha kugawa haiwezi kukosa kufundisha kuunganisha.

Somo hilo lilikuwa la darasa la pili, na Niyonsaba akalingoja. Ku na ku, walisema, na kuku wa mwalimu mkuu, aliyekwisha kukonda pande zote mbili, akawa mmoja. Nyu na mba: nyumba ya mwalimu ikarudiana bila hata ufa, na ya Hilali pia. "Nani ana neno lingine?" akauliza mwalimu. Darasa zima lilimgeukia Niyonsaba, naye akasimama.

"I na nzu," alisema, "ni i..."

Mwalimu Gharibu alimpiga makofi mawili, moja kwa kila silabi, kabla neno halijafika mwisho. Darasani, alisema, ni Kiswahili tupu.

Jioni Esteri alikuwa amekaa mlangoni pa i akichambua maharage. Alilitazama shavu la mtoto.

"Wamewafundisha kuunganisha?"

"Wametufundisha, bibi."

Esteri akatazama ng'ambo ya barabara. Nzu ilikuwa pale pale, jiko linafuka moshi.

"Haya," alisema. "Vuka ukaniletee chumvi. Angalia lori."